Kufuli la Ini

Banda la panya lina kelele zake za asubuhi. Ukisukuma mlango tu unasikia kucha zinakwaruza vyuma na vichupa vya maji vinagongwa na pua, kama wanakuuliza umechelewa wapi. Miaka sita nimeufungua mlango ule. Asubuhi ya Ramadhani mosi niliufungua saa mbili kasoro robo, na upande wa safu ya kwanza kulikuwa kimya.

"Ala! Na nyie mmefunga?" nikawauliza, nikacheka peke yangu. Mola anisamehe mzaha ule.

Namba kumi na saba alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa. Kumi na nane vivyo hivyo. Nikapita safu nzima nikiwagusa mmoja mmoja kwa kidole, na kila nikigusa baridi moyo unaniruka. Kumi na moja walikuwa wamekufa. Ishirini na tisa walikuwa hai, lakini uhai gani ule: manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba, ukimshika hakwepi. Ng'ambo ya chumba, panya wa safu ya pili, wale ambao hawajachomwa Kufuli, walikuwa wazima kabisa na wananipigia kelele za njaa.

Ukutani mashine mpya ya kulisha ilikuwa inawaka taa nyekundu. Imeandika: CHAKULA KIMEZUIWA. SAA 16. Mashine yenyewe ililetwa wiki iliyopita, na jana ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusimamia kipimo cha njaa badala yangu. Niliyasoma maandishi yale mara mbili, nikaketi sakafuni. Nilielewa palepale. Daktari alikuwa hajafika, hakuna aliyejua ila mimi na Mungu, na niliogopa hadi mate yakanikauka, wala si kwa saumu.

*

Nieleze hiyo Kufuli kama Daktari Eliamani alivyonieleza mimi, mtu wa darasa la saba, siku ya kwanza kazini hapa kituo cha utafiti.

Ini ni ghala, alisema. Ukila, linaweka akiba ya sukari. Ukikaa na njaa, kuna jeni zinaamka ndani yake, ini linatengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu ili ubongo usizimike. Ukila tena, zile jeni zinalala. Sasa kwa mwenye maradhi ya kitambi, yule mwenye sukari, presha na mafuta kwenye ini kwa mpigo, jeni hizo hazilali. Mtu ameshiba, ini bado linamwaga. Kufuli ni uzi mdogo usioonekana kwa macho. Unaingizwa kwa sindano moja, unakwenda kukaa juu ya zile jeni, unazinyamazisha. Njaa ikikolea, mwili unatoa homoni ya njaa, uzi unalegea, jeni zinaamka. Ndivyo ilivyotakiwa.

Panya wetu tuliwanenepesha kwa maji ya sukari na mafuta mpaka wakapata maradhi yote ya binadamu. Tukawachoma Kufuli. Miezi miwili tu, vitambi vimeshuka, damu safi. Hilo nimeliona, sikusimuliwa. Na Kondoa yetu hii, ambayo kila nyumba ina mtu aliyekatwa mguu au anayekwenda kusafishwa damu, watu walipigania ile sindano. Walichaguliwa mia mbili na kumi na wawili wa kwanza. Dada yangu Mwantumu alikuwa wa tisa.

Lakini kabla ya watu, palikuwa na kipimo cha njaa. Chakula kinaondolewa vizimbani saa kumi jioni, asubuhi saa mbili panya anapimwa damu mkiani. Kazi ya kukiondoa ilikuwa yangu. Na kipimo chenyewe kiliangukia Ramadhani ya mwaka juzi.

Marehemu mama yetu alikuwa hafungishi mtoto mdogo wala mnyama. "Funga ni nia," alikuwa akisema. "Asiyejua kutia nia usimfungishe, utabeba dhambi zake." Sasa niambie, mwezi mtukufu, mimi nafungua bakuli langu la kande, mahindi na maharage, nifuturu, na mbele yangu viumbe arobaini wananitazama, vihori vyao vitupu. Nilishindwa. Nikawatilia kiganja kimoja kila kizimba. Asubuhi nikawahi kufagia makombo kabla daktari hajafika. Kipimo kilirudiwa mara tatu, na mara tatu nilifagia.

Daktari alizifurahia zile namba kama mtoto. "Tazama, Bi Zamda! Saa kumi na sita bila chakula, na sukari haijashuka!" Nikatabasamu. Sikuona kosa. Namba si zimetoka nzuri?

*

Daktari alifika saa mbili na nusu, koti mkononi. Kijana mwembamba wa Kipare, mpole, akikosea hata kukupisha mlangoni anaomba radhi. Akasimama katikati ya banda, midomo ikimchezacheza.

"Mashine," akasema mwishowe. "Hii mashine imewakatia maji. Si bure."

Jamani, nilipewa mlango uliofunguliwa, ningepita tu.

"Nitaandika hitilafu ya mashine," akaendelea. "Bi Zamda, usijilaumu. Wewe hukuwepo."

Hukuwepo! Macho yangu yalikuwa kwa namba ishirini na mbili, anatetemeka kichwa tu. Mkobani nilikuwa na chupa ya asali, asali ya mizinga ya dada Mwantumu, aliyonipa jana iwe ya futari ya leo. Nikaifungua. Nikachovya kidole, nikampaka panya yule kwenye midomo. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka asiamke, ili iwe ni maji kweli.

Baada ya dakika chache namba ishirini na mbili akaketi, akaanza kujisafisha masharubu.

Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. "Asali?" akasema polepole. "Kumbe si maji. Ni sukari iliyokwisha." Kisha akahesabu kwa vidole, akanigeukia. "Lakini mwaka juzi walikaa saa hizohizo. Mara tatu. Bi Zamda?"

"Walikuwa wanakula, daktari."

"Wanakula nini? Chakula si tulikitoa?"

"Kande."

Alinitazama kama vile nimesema kwa lugha asiyoijua. Nikamwambia yote, kiganja kimoja kila kizimba, ufagio, mama yetu, yote. Sikulia. Kulia nililia baadaye. Alipoelewa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

"Basi Kufuli hailegei," akasema, akiongea na sakafu. "Inakaa, inabana, inazidi kubana. Mtu akila kila baada ya saa chache hataona kitu. Miaka miwili nimekuwa nikiandika kuhusu kande zako." Kisha akanyanyua uso. "Leo ni tarehe ngapi?"

"Ramadhani mosi," nikasema.

*

Hapo ndipo hofu ilipotushika sawasawa.

Wiki mbili nyuma, Sheikh Abdi Kimolo wa msikiti mkubwa alikuja kituoni. Alikuja kuuliza jambo moja: waliochomwa Kufuli wafunge au wasifunge? Maana wengi wao walikuwa wameacha kufunga miaka mingi kwa sababu ya sukari, na sasa wamepona, wana hamu. Daktari akamwonyesha namba. Sheikh akasema, mimi si mtu wa namba, nionyesheni aliyeona kwa macho. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Nimewaona, Sheikh. Wamekaa na njaa usiku kucha na asubuhi ni wazima." Ndivyo nilivyosema. Mdomo wangu huu. Ijumaa ile ile akawatangazia waumini kwamba wafunge bila wasiwasi.

"Mtu ana akiba kubwa kuliko panya," daktari alisema, anavaa miwani, anaivua. "Aliyekula daku vizuri saa kumi na nusu alfajiri, labda atafika alasiri. Labda. Asiyekula daku..."

Dada Mwantumu hali daku. Tangu usichana wetu, ukimwamsha atakunywa maji funda moja na kurudi kulala. Alikula mara ya mwisho saa tatu usiku.

Nikampigia simu. Imezimwa. Bangili ya kupimia damu, ile waliyovalishwa wote, kwenye kioo cha kompyuta ofisini ilionyesha jina lake na kistari tu. Ameivua. Jana tu aliniambia akicheka, "Miaka tisa nimeila Ramadhani mchana kama mtoto, naficha sahani mlangoni akipita mtu. Kesho nafunga kwa ajili ya Mungu, sitaki mashine inihesabie." Nusu ya majina kwenye kioo yalikuwa na vistari kama chake.

Daktari akampigia mkurugenzi, aliyekuwa mkutanoni Dodoma. Niliisikia ile sauti kwenye simu, tulivu kabisa. Ipimwe kwanza damu ya panya. Majibu saa nane mchana. Mpaka hapo asitamke mtu neno, maana mikoa saba inaisubiri Kufuli, na hofu ikishatangazwa haizoleki. Na huyo mama wa panya akae hapohapo kituoni.

Nikakaa. Nisijifanye shujaa hapa, nilikaa kwenye benchi la korido saa nzima na ushei. Nilikuwa naogopa. Nilijiambia mkurugenzi ni msomi, anajua. Nilijiambia huenda watu si panya. Nikawaza pia jina langu: Zamda aliyempa Sheikh ushahidi wa uongo, Zamda aliyefungisha watu kwa kande. Nitapita wapi sokoni? Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga wamesema, na mimi nilikuwa nasubiri kilio nimekaa kitako.

Saa tano na dakika ishirini kioo kikalia. Jina moja limekuwa jekundu: Salimu Kijuu, umri sitini na nane. Sukari 2.3, chini mno. Baada ya dakika moja, 2.1. Mzee yule nilimjua. Saa hizo huwa shambani kwake, peke yake, anapalilia alizeti.

Nikasimama. Daktari naye alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Sheikh nimeshampigia, nimevunja amri," akasema. "Hatangazi kwa maneno ya simu. Anamtaka shahidi." Akanitupia ufunguo wa pikipiki yake. "Mimi nabaki nawapigia wenye simu, na gari linakwenda kwa Kijuu. Bi Zamda, kama hutaki..."

"Sitaki," nikamwambia. "Kweli kabisa sitaki." Nikaondoka.

*

Pikipiki za umeme hazina kelele, kwa hiyo njia nzima nilisikia pumzi zangu mwenyewe. Penye kisima cha zamani njia inagawanyika. Kushoto unapanda mlima kwa dada Mwantumu, robo saa. Kulia unashuka msikitini.

Nilisimama pale. Mguu mmoja chini, mkono kwenye breki. Chupa ya asali ipo kifuani. Nilihesabu: saa tatu usiku mpaka sasa, saa kumi na tano karibu. Panya walikufa kabla hata saa ya kumi na sita haijatimia. Dada huyu amenilea mimi, mama alipofariki nilikuwa na miaka saba. Na chini kule watu mia mbili, nao wana dada zao. Kipaza sauti cha msikiti kinasikika hadi mlimani, nikajisemea, atasikia, ataamka, atakula. Nikakata kulia. Sijui kama nilichagua au nilijidanganya tu, hadi leo sijui.

Sheikh alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Nikamweleza nikiwa bado nimeshika pikipiki. Hakunikatiza hata mara moja.

"Mimi niliwaambia wafunge," akasema, "kwa neno lako."

"Lilikuwa uongo, Sheikh. Sikujua utamdhuru mtu, lakini ulikuwa uongo."

"Nikipanda mimi niwaambie wafungue, watauliza yupi mkweli, Abdi wa Ijumaa au Abdi wa leo. Wengine watasema watu wa kituoni wamenitisha. Saa zitapita." Akaninyooshea kipaza sauti, waya umevutwa hadi barazani. Katika umri wangu wote sijasikia sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti kile. "Waambie wewe. Kwa jina lako na jina la baba yako. Uliyoyafanya, usipunguze."

Nikakisogeza kile kidude karibu mno, kikagonga meno yangu.

"Mimi ni Zamda binti Omari Mpore," nikasema, na sauti yangu ikatoka juu ya mabati ya mji mzima, ikanirudia. "Nafuga panya kituoni. Kila aliyechomwa Kufuli asikilize. Niliwaambia panya walikaa na njaa wakapona. Hawakukaa na njaa. Niliwalisha mimi kwa siri, kwa kuwahurumia. Jana usiku wamekaa na njaa kweli, na wamekufa. Uliyechomwa, fungua sasa hivi. Kula kitu kitamu, sasa hivi, hapo hapo ulipo. Mwenye jirani aliyechomwa akamgongee. Akilala mwamsheni. Asipoamka mpakeni asali au sukari ndani ya shavu. Nihukumuni kesho. Leo kuleni."

Sheikh akakichukua kipaza sauti. "Mgonjwa ana ruhusa," akasema. "Kwa waliochomwa, kula leo ndiyo ibada. Aliyesikia amwambie ambaye hajasikia."

Nilirudia maneno yale mara nne. Mara ya tatu nikaona milango inafunguka upande wa soko, wanawake wanatoka mbio na vikombe, mtu anapiga dirisha kwa mwiko. Mama mmoja akanipita, akanitemea mate miguuni, akaendelea kukimbia na mkungu wa ndizi. Nikaona sawa tu, alimradi anakimbia.

*

Mlango wa dada Mwantumu ulikuwa umerudishiwa. Nikaita hodi, hodi gani hiyo, nimeshaingia.

Alikuwa ukumbini juu ya mkeka, kando ya ungo wa choroko alizokuwa akichambua. Choroko zimemwagika. Nguo imelowa jasho chapachapa, na mdomo wake umekaa upande. Nje sauti ya Sheikh ilikuwa bado inasikika vizuri kabisa, kila neno.

"Dada! Dada Mwantumu, ni Zamda!" Nikampiga makofi ya mashavu. Hana habari. Nikakaa chini nikaweka kichwa chake mapajani, ubavu, ili asipaliwe, nikachovya kidole kwenye asali na kumpaka ndani ya shavu. Tena. Tena. Kidole changu kilikuwa bado kinanuka banda la panya. Nilikuwa namwita kwa majina yote ya utotoni, na namwomba Mungu achukue chochote, achukue hata mikono hii yenye huruma za kijinga.

Shavu likacheza. Akameza. Nikaongeza. Muda ulipita, sijui kiasi gani, kisha jicho moja likafunguka, likanitafuta.

"Nini hiki?"

"Asali, dada. Asali yako."

"Mchana?" Akataka kuitema, nikamziba mdomo kwa kiganja, akameza kwa hasira. Machozi yakamtoka. "Umenifunguza, Zamda. Miaka tisa nangoja siku hii, umenifunguza."

Ndipo nilipolia. Nilimweleza huku nalia, kuanzia vihori vitupu hadi njia panda ya kisima, hata lile la kukata kulia nikamwambia. Akanisikiliza akiwa amelala vilevile. Simu ikaita: Daktari Eliamani. Nikamwambia dada ameamka. Basi mia mbili na kumi na mmoja wamepatikana, alisema, wote wamekula, wanane wamelazwa. Gari lilifika shambani kwa mzee Kijuu saa sita na robo. Hakuwahiwa.

Saa nzima ya benchi, nikawaza. Saa nzima na ushei.

"Na hiyo Kufuli," dada akauliza, "inatolewaje?"

"Haitolewi. Daktari anasema labda watatafuta namna. Labda." Nilishindwa kumtazama. "Itabidi ule kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Usiku lazima awepo mtu wa kukuamsha. Ukilala moja kwa moja hadi asubuhi..."

"Na Ramadhani ijayo?"

"Utakula."

"Na inayofuata?"

Nikatikisa kichwa. Akajiinua, akaanza kuokota choroko moja moja kwenye mkeka na kuzirudisha ungoni. Nilijua ataniambia nitoke. Nilikuwa nimeshaanza kujikusanya.

"Hao panya wako," akasema, "uliwalisha nini?"

"Kande, dada."

"Na mimi kanipikie," akasema. "Halafu weka simu yako ikuamshe saa kumi usiku, uniamshe."